Askari Asiyeomba Sukari

Prof Kasereka alifia kwao Butembo, na sisi wanafunzi wake wa mwaka wa volkano tukakusanyika Goma kumlilia, kwa kuwa barabara ya kwenda kule ilikuwa imefungwa tena. Tulikaa uani kwa mmoja wetu, kwenye viti vya kukodi, tukala sombe, kisamvu chetu, na samaki wadogo wa sambaza, tukataja majina ya waliokwenda mbali na ya waliolala. Mara mmoja wetu, ambaye siku hizi ni baba mzima mwenye kitambi, akasimama mlangoni na sahani yake, akanyoosha mkono kutuzuia tusipite, akasema kwa sauti ile ile ya marehemu: "Bariere! Fungua muzigo!" Tulicheka hadi mjane wa jirani akatokeza kuangalia kuna nini. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda kunawa mikono mara ya pili, maana macho yalianza kuniwasha. Kwao lile lilikuwa somo la kuchekesha kuliko yote tuliyosoma. Hawakujua lilifanya nini ndani ya nyumba lilimofundishwa, wala kwamba mimi ndimi niliyelichukua likiwa salama na kulipeleka jikoni likiwa nusu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikaa kwa mama mudogo Zaina, mdogo wake mama, mwanamke wa Kiislamu wa asili ya Maniema, mwenye mikono iliyonuka chumvi hata siku ya Idi. Alikuwa akipanda lori hadi Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, akarudi na samaki wa chumvi, akawauza soko la Birere. Lava ilipopita katikati ya mji mwezi wa kwanza, ilikula shule yetu yote na kuacha nyumba yake ya mbao imesimama kando ya mkondo, rangi ya ukuta mmoja ikiwa imetoka mapovu kwa joto. Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, tulikokimbilia, tulikuta mtaa haupo na nyumba ipo, jambo ambalo mama mudogo hakulisamehe kirahisi. Alisema ni aibu kusalimika peke yako, majirani watadhani ulihonga mlima. Kwa wiki kadhaa mawe yalibaki na moto tumboni, na sisi wasichana tulitega masufuria kwenye nyufa kuchemsha maji ya chai. Ninapokumbuka harufu ya mwaka ule, nakumbuka hiyo kwanza: kiberiti, chumvi ya samaki, na majani ya chai yaliyokolea kwa moto ambao hakuna aliyeuwasha.

Prof Kasereka alikuwa amepanga chumba cha nje. Kutoka shuleni aliokoa sanduku moja tu, na ndani yake hakukuwa na nguo ila daftari zake na kitabu kikubwa cha biolojia cha Kifaransa kisicho na jalada. Wakati ule waasi ndio waliotawala, mtihani wa taifa ulitakiwa kutoka Kinshasa, upande wa pili wa vita, na hakuna aliyejua kama karatasi zitafika. "Kama zitakuya, zitukute tuko tayari," alisema, akaomba sebule ya mama mudogo kwa masomo ya alasiri. Mama mudogo alikubali kwa masharti mawili: viatu vyenye majivu vibaki nje, na atakayechelewa atapara magamba ya samaki. Kwa hiyo tulijifunza juu ya mkeka, migongo ikigusa mbao zilizobandikwa makaratasi ya maboksi, na upande wa pili wa mbao hizo ndiko kulikuwa na jiko. Palikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Harufu ya mafuta ya mawese ilikuja kwetu, na sauti ya Prof ilikwenda kule.

Siku ya somo lile alifunga kamba kutoka kwenye msumari wa ukuta hadi kwenye mguu wa kiti, katikati ya chumba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tuliishi na kamba za namna hiyo, ndizo bariere: kila njia iliyotoka mjini ilikuwa na yake, na kijana mwenye bunduki ameketi kivulini, na neno "sukari", maana hakuna aliyetaja hongo kwa jina lake. Prof alisema kila mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli, ikitaka kukua, hugawanyika ikawa mbili. Lakini ndani yake kuna maandiko, kitabu kizima cha namna ya kuwa mtu, na kabla ya kugawanyika lazima kitabu hicho kinakiliwe. Jua hukichana. Moshi hukichana. Wakati mwingine mwenye kunakili hukosea tu, kama nyinyi. "Sasa, nani anakagua?" Akamsimamisha msichana mmoja mbele ya kamba na daftari kichwani. Akasema kuna protini moja, jina lake herufi na namba tu, p53, na kwa kuwa sisi huhesabu kwa Kifaransa alilitamka "pe senkanti-trwa". Hiyo ndiyo askari wa bariere. Siku za kawaida ni chache mno ndani ya seli, zinatengenezwa na kuvunjwa, zinatengenezwa na kuvunjwa. Maandiko yakichanika, haivunjwi tena. Inaongezeka, inasimama njiani, inasema: bariere, fungua muzigo.

"Ikiona ukurasa umechanika kidogo," alisema Prof, "inakuambia kaa pembeni, shona, halafu utapita."

"Na ikiona kitabu chote kimeharibika?" aliuliza yule msichana, daftari likitetemeka kichwani.

"Inakuambia: weye hautapita, na nyuma hautarudi. Kunja vyako." Alishusha sauti hapo. Alisema seli hiyo hujiua yenyewe, kwa utaratibu, inajikata vipande vidogo na majirani wanavimeza, hakuna usaha, hakuna kelele. Alituonyesha vidole vyake. Tumboni mwa mama, alisema, mkono ulikuwa kama kasia, na ni vifo vya adabu vya namna hiyo vilivyofungua nafasi kati ya kidole na kidole.

"Prof," alisema mvulana mmoja kutoka nyuma, "na sukari yake?"

"Huyu haombi sukari."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi huyo haiko Mukongomani!"

Chumba kilipasuka kwa kicheko, na kicheko kikubwa kuliko vyote kilitoka nyuma ya mbao. Mama mudogo alikuwa ameweka jicho kwenye ufa. "Prof!" aliita. "Umulete huyo bwana kule bariere ya Kibati! Tunateseka huku!" Kuanzia alasiri ile yule askari alikuwa na jina nyumbani kwetu, Bwana Senkanti, na watu wa mtaani walidhani ni mpangaji mpya.

Mimi ndiye niliyemlisha Bwana Senkanti akanenepa. Jioni, tukipanga samaki kwenye makarai, mama mudogo alisema, "Ongeza kidogo," nami niliongeza. Nilimwambia kuwa hasinzii. Nilimwambia kuwa yumo katika kila seli, katika ngozi ya kisigino na katika utando wa jicho, na kwamba sekunde hii tunayokaa hapa, mahali fulani mwilini mwako, mama mudogo, anairudisha seli moja mbovu na kuiambia ikunje vyake. Nilipenda jinsi alivyosimamisha kisu kunisikiliza. Hakuwahi kupita darasa la tatu, na mimi niligundua, kwa ulevi ambao haujanitoka hadi leo, kwamba ninaweza kumfanya mtu asahau kazi ya mikono yake kwa maneno tu.

Somo hilo lilikuwa na siku ya pili, na siku hiyo mama mudogo alikuwa safarini Vitshumbi. Prof alifunga kamba ile ile, kisha akaketisha wanafunzi wanne kando yake kama wacheza karata. Askari huyu, alisema, hafanyi kazi peke yake. Hushikana wanne wanne, na hivyo ndivyo wanavyoyashika maandiko na kuamrisha. Lakini askari naye ana ukurasa wake katika kitabu hicho hicho. Ukurasa huo ukichanika, anazaliwa askari kilema. Hafukuzwi. Anakaa mezani na wenzake, na mmoja aliyeharibika huwaharibia kazi watatu wazima. Hapo seli mbovu hupita, na watoto wake hupita, na wajukuu, bila mtu kuwauliza. "Uvimbe mwingi mubaya," alisema, "ukiufungua ndani, utakuta huyu askari njo aliyeharibika." Hakuna aliyecheka siku ile. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Mama mudogo aliporudi, amekaukiwa midomo kwa vumbi la njiani, alivua viatu na kuuliza kabla ya maji ya kunywa: "Bwana Senkanti anasema nini?" Alikuwa na furaha sana. Alikuwa amewasimulia habari zake wanawake wenzake, wameketi juu ya magunia ya lori, tangu Vitshumbi, na wote walimtaka. Nilifungua kinywa niseme habari za wale wanne mezani, nikaona kwamba zitaharibu hadithi. "Anasema salamu," nilijibu. Akacheka, akanywa maji.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Maneno mawili.

Alasiri moja, wiki nyingi baadaye, aliniomba nimkande mgongo. Lori lilikuwa limemrusharusha vibaya njiani. Alilala kifudifudi chumbani kwake, kwenye kile kitanda cha chuma kilichovuka mpaka na kurudi kichwani mwa mjomba wangu siku za lava, nami nikamimina mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Mkono wangu uliposhuka ubavuni, karibu na kwapa, pembeni ya titi, ukapita juu ya kitu kigumu, kama kokwa ya parachichi chini ya kitambaa. Nilikirudia polepole.

"Hiyo uache," alisema bila kugeuka.

"Mama mudogo, hiki ni nini?"

"Iko hapo tangu mbele ya volkano. Haiumi."

"Tangu kabla ya volkano? Dokta aliona?"

"Dokta wa nini? Iko na karatasi yake." Akageuza uso, shavu likiwa bado kwenye mto, na alikuwa anatabasamu, ananikumbusha kitu changu mwenyewe. "Mbele nilikuwa naogopa, sitakudanganya. Halafu wakatusomea. Kama ingekuwa mubaya, Bwana Senkanti angeikamata. Imekomaa hivi juu ya nini? Juu ya vile ilipita bariere, alifungua muzigo, akaona hakuna kitu. Si weye ulisema hapitishi?"

Nilikaa na mafuta yakipoa viganjani. Watu wengine, mahali pengine, wakiambiwa mwilini mwao kuna mlinzi, wangeuliza analala saa ngapi. Lakini mfanyabiashara wa Goma wa miaka ile alijua sheria moja: muzigo uliokwisha kuvuka kamba hauulizwi tena. Ukishapita umehalalishwa. Na mimi ndiye niliyemchukulia sheria hiyo ya barabarani nikaiweka ndani ya titi lake.

Asubuhi nilimkuta Prof uani ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Nilimweleza. Aliosha wembe, akaukausha kwa shati, povu likimkaukia shavuni. "Mimi nilifundisha siku mbili," alisema mwishowe. "Weye ulimufundisha siku moja." Nilimsihi aingie jikoni azungumze naye, yeye mtu mzima, yeye mwenye kitabu. Alikataa. "Mimi mupangaji, mwanaume, Mukatoliki wa Butembo. Niingie jikoni kwa mama wa watu nimuzungumuzie titi lake? Hapana, mwanangu. Enda. Na usimupambie."

Mama mudogo alikuwa jikoni anageuza samaki, safu ya chumvi, safu ya samaki. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi nitaanza kutafuta maneno mazuri. Nilisema askari anaweza kuharibika. Nilisema wanakaa wanne na mmoja anaharibu watatu. Nilisema nilijua hayo tangu aliporudi kutoka Vitshumbi akiwa na kiu, na nikanyamaza. Nilisema uvimbe unaokua haumaanishi kwamba umekaguliwa. Unaweza kumaanisha kwamba hakuna anayekagua. Mkono wake haukusimama. Ulimaliza safu, ukapangusa chumvi, ukafunika karai.

"Umenipimia nusu," alisema.

Katika Birere hakuna tusi zito kuliko hilo. Hakulisema kwa sauti kubwa. Nilianza kulia, naye akaniambia nilie mbali na samaki, wasije wakazidi chumvi.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Kamba inabaki?"

"Kamba gani, mama mudogo?"

"Askari akiharibika. Kamba inabaki pale pale?"

Nilisema nadhani inabaki. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaniambia kwamba safari iliyopita, walipofika Kibati, wale askari walikuwa wameitwa vitani, kivuli kitupu, kiti kitupu, lakini kamba ipo, imefungwa kwenye mti na kwenye pipa. Dereva akapunguza mwendo. Akapiga honi. Akangoja. Akashuka mwenyewe kuifungua, akapita, akarudi kuifunga. Malori yote ya siku ile yalifanya vivyo hivyo, na ndani yake yalibeba unga, mbao, bunduki, nani ajuaye. "Sisi wote juu ya muzigo tulinyamaza kama tunakaguliwa," alisema. "Na hakuna mutu." Akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya kwa nguvu. "Basi njo vile. Prof angesema hivyo tu tangu mwanzo, ningeelewa."

"Prof alisema. Mimi ndiye sikusema."

"Najua. Nilitaka nikusikie tena."

Nasema mapema, kwa kuwa niliapa sitapunguza tena: aliishi. Aliishi miaka mingi, na titi moja na ulimi ule ule. Nilipokuwa chuo kikuu nilimpigia simu kumwambia nimesoma kwamba hata namba ya Bwana Senkanti ni kosa. Waliompa jina walidhani wanataja uzito wake, kumbe kipimo kiliwadanganya, ni mwepesi kuliko jina lake. Alifurahi mno. "Kumbe hata maabara iko na mizani kama ya Birere!" Na mwaka mwingine nilimwambia kwamba tembo, mnyama mkubwa mwenye seli zisizohesabika, ana nakala nyingi za ukurasa wa huyo askari kuliko sisi, na kwamba labda ndiyo maana saratani humpata kwa nadra. Nadhani aliwaza tembo wa kule nyikani karibu na Vitshumbi, waliowindwa na kila jeshi lililopita. "Ona," alisema, "ndani ameweka askari tele, na bado wanamuua kutoka inje."

Baada ya mazungumzo yale ya jikoni, tulikwenda hospitali Alhamisi, alipomaliza kuuza samaki wote, kwa maana hakukubali kumwachia mtu mwingine mizani yake. Daktari mpasuaji alikuwa mtu wa Kisangani aliyejua Kifaransa na Lingala, Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, hivyo mimi ndiye niliyekuwa kinywa na sikio. Baada ya kumpima, alinipa karatasi ya idhini ya upasuaji, mama mudogo aitie sahihi. Mama mudogo aliketi kwenye benchi ya korido, chini ya dirisha ambalo kioo chake kilipasuliwa na matetemeko na kuzibwa kwa boksi, akasema: "Soma. Hata ile ndogo ya chini." Nilisoma neno kwa neno. Nilipofika kwenye maneno nisiyoyajua, nilisema, "Hapa sijui," na yeye alisema, "Sawa, endelea." Sijawahi kutafsiri kitu chochote vibaya namna ile wala kwa ukweli namna ile. Nilisoma kwamba anaweza asiamke. Nilisoma kwamba uvimbe unaweza kurudi. Mara tatu nilihisi mfano ukinijia ulimini, mzuri, wenye faraja, na mara tatu niliumeza. Alitia kidole kwenye wino, akaubonyeza chini ya jina lake, akaingia kwa miguu yake na kuwaacha wauguzi wakisukuma kitanda kitupu nyuma yake.

Prof alikuja kukaa nami. Alileta viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye ukurasa wa daftari, na hatukuvila. Jua lilikuwa limefika usawa wa dirisha daktari alipotoka, kofia mkononi, nywele zimelowa jasho. Alisema sentensi moja ya Kifaransa, akanigusa bega, akaenda. Prof aliisikia pia. Aliniangalia, kisha akaangalia viazi vyake.

Mama mudogo aliamka alasiri. Kifua chake kilikuwa kimefungwa bandeji upande mmoja, na midomo yake ilikuwa imekauka kama siku zile za kutoka safari. Nililowanisha kitambaa nikamgusisha midomoni. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Dokta alisema nini?"

"Alisema ametoa yote."

Aliendelea kuniangalia. Nje mtu alikuwa anapitisha chukudu, baiskeli yetu ya mbao, yenye magunia ya mkaa, magurudumu ya mbao yakilia juu ya mawe meusi. Ilikuwa sentensi nzuri, hiyo niliyoisema. Ingeweza kuishia hapo.

"Na nini tena?" aliuliza.

"Alisema, 'nazani.' Alisema, nazani nimetoa yote."

Alifumba macho. Nilidhani nimemuumiza, nikamshika mkono ule wenye harufu ya chumvi ambayo hata sabuni ya hospitali haikuishinda. Akaubana wangu.

"Aksanti," alisema. "Hiyo 'nazani' njo nilikuwa nangojea."